Gati Lililobaki Nchi Kavu

Nilipanda masua ya usiku kutoka Bukavu
na kilo mbili za maharage kwa watu nisiowajua,
na karatasi ya babu iliyokunjwa mara nne:
*Ukifika Goma usiulize mjini, uliza ziwani.
Tafuta pete ya chuma. Niliizamisha mwenyewe kwenye saruji
mwaka aliozaliwa Nabintu.*
Nabintu ni mama yangu.
Habari za pete hiyo nimezisikia kuliko habari zake.

Tulipopita Idjwi watu walilala juu ya magunia ya ndizi.
Mimi nilihesabu taa za wavuvi,
mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa kwa miti mirefu
kama ndugu waliogombana wakalazimishwa kukaa pamoja,
wavu chini yao.
Walikuwa wakiimba wasisinzie.
Upepo ulituletea nusu ya wimbo,
nusu nyingine ziwa likabaki nayo.

Karibu na asubuhi mlima ulionekana,
mwekundu kidogo kwa juu,
kama mtu aliyepitiwa na usingizi sigara ikiwa mdomoni.
Abiria mmoja alifanya ishara ya msalaba.
Mwingine aliuliza bei ya makaa.

Ufukweni: madumu ya njano,
wasichana wanaochota ziwa na kulipandisha mjini kidogo kidogo,
chukudu imelemewa na nyavu, inalia kwenye gurudumu la nyuma,
na sambaza zimetandazwa kwenye turubai,
elfu kwa elfu, kila jicho wazi,
hakuna hata moja linalonitazama.

Nilimkuta Bauma akitafuna uzi wa nailoni kwa meno.
— Gati ya zamani? Ulishaipita, dada. Rudia nyuma.
— Nyuma ni mjini.
— Ndiyo ile. Tuende.

Tukaligeuzia ziwa mgongo.
Hatua hamsini. Mia. Mia mbili na kitu.
Chini ya viatu, jiwe jeusi lenye meno.
Bauma alikuwa mtoto moto uliposhuka;
anakumbuka sauti kuliko rangi.
Ulipita sokoni bila kuuliza bei, alisema,
ukafika majini, na maji yakapiga kelele,
kisha yakasogea
kama mgeni aliyekaribishwa vibaya.
Tangu hapo vyombo vinafunga kule,
na huku watu wamejenga.

Nyumba ya mbao, mabati yenye viraka.
Mama Nsimire alikuwa akipepeta unga uani,
akatupa vigoda kabla ya kuuliza tumefuata nini.
Na pale, kwenye kona, kati ya choo na kamba ya nguo,
kichwa cha nguzo kilichomoza kwenye jiwe,
hakifiki goti,
na juu yake pete.
Amefungwa mbuzi.

— Hii tuliikuta, alisema mama. Ni ya nguvu. Mbuzi hajakimbia hata siku moja.

Nilipiga magoti. Sikuwa nimepanga.
Pete ilikuwa imelika upande mmoja tu,
upande wa ziwa,
laini kama ndani ya kijiko:
miaka ya kamba, miaka ya mawimbi,
meli za kahawa, mashua za wagonjwa,
watu waliokuja kuoa, watu waliokuja kuzika.
Upande wa pili nilipitisha kidole.
Kilikwama kwenye mfereo mwembamba, mpya.
Mbuzi naye ameanza kazi.

Nikampigia babu. Hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele
mpaka majirani wakatoka.
— Nimeiona!
— Inashika?
— Inashika!
— Kuna chombo kimefunga?

Mama Nsimire aliacha kupepeta. Bauma aliangalia pembeni,
anacheka kwa mabega.
Nilimtazama mbuzi, masikio yake mawili kama matanga yasiyo na upepo.
— Kipo, babu. Kidogo. Cheupe.
— Kinavuta?
— Kinavuta.
Kimya. Kikohozi. Redio yake ya Bukavu nyuma.
— Basi kilegezee kamba, mwanangu. Maji yanaweza kupanda.

Nililegeza, shubiri mbili hivi.
Mbuzi akafika kwenye mfuko wa maharage.